Wiski ya Ireland ya kukorogwa: Old Fashioned, Emerald au Tipperary?

Una chupa ya wiski ya Ireland kabatini na unataka kuitengenezea kokteli isiyo na juisi wala soda, ya kunywa polepole jioni. Ukiuliza wanaojua, majina matatu yatarudi tena na tena. Old Fashioned ni wiski, sukari kidogo, bita (matone machungu ya mitishamba) na ganda la chungwa. Emerald ni ndugu wa kokteli ya Manhattan, yaani wiski, vamuthi nyekundu (divai iliyotiwa mitishamba) na bita. Tipperary ni Emerald iliyoongezwa Chartreuse ya kijani, pombe kali ya mitishamba kutoka Ufaransa. Zote tatu hukorogwa na barafu, hazitikiswi.

Watu wengi huanza kwa kuuliza ipi tamu zaidi. Mimi naona swali hilo lije baadaye. La kwanza liwe la chupa ya pili: baada ya kutengeneza glasi moja, kitabaki nini kabatini, na kitakaa muda gani kabla hakijaharibika? Kwa anayetengeneza nyumbani, hapo ndipo gharama ilipojificha. Old Fashioned haina chupa ya pili ya maana. Emerald inayo moja, tena huharibika. Tipperary inazo mbili, moja ya kuharibika na moja ghali na adimu ambayo hukaa miaka.

## Wiski yenyewe kwanza

Sheria inataka wiski ya Ireland ikenekwe na kukomazwa kisiwani humo, ndani ya mapipa ya mbao, kwa muda usiopungua miaka 3, na iwe na kilevi kisichopungua asilimia 40. Nyingi hukenekwa mara tatu, na nyingi hazina ule moshi unaosikika kwenye wiski za kisiwa cha Islay kule Uskoti. Unachopata ni kinywaji laini chenye asali, tofaa, vanila na harufu ya biskuti.

Ulaini huo ni raha ukiinywa peke yake, lakini kwenye kokteli ni mtihani. Old Fashioned na Manhattan zilikulia Marekani, mikononi mwa wahudumu wa baa waliotumia wiski ya rai (nafaka jamii ya ngano) na ya mahindi, zenye ukali wa viungo na ladha nzito ya mapipa mapya yaliyounguzwa ndani. Vipimo tunavyorithi vilipimwa kwa wiski hizo. Baadaye wiski ya Ireland yenyewe ilipungua mezani: biashara yake ilianguka katika karne ya 20, hata kufikia katikati ya miaka ya 1970 kisiwa kizima kilibaki na viwanda viwili tu vilivyokuwa vikikeneka, Midleton katika kaunti ya Cork na Bushmills kule Antrim. Kwa hiyo ukiimwaga wiski laini ndani ya vipimo vya rai, usishangae vamuthi ikiifunika.

Kuna njia mbili za kujikinga. Ya kwanza ni kupunguza kiungo cha pili, na nitaonyesha kiasi gani kwa kila kinywaji. Ya pili ni kuchagua chupa yenye mwili. Mtindo ambao Ireland inajulikana nao zaidi, single pot still, huchanganya kimea cha shayiri na shayiri ambayo haikuoteshwa, kila moja kwa asilimia 30 au zaidi, katika vyungu vya shaba. Ile shayiri mbichi huleta uzito na ukali kidogo wa viungo unaosimama vizuri mbele ya vamuthi. Redbreast 12 na Green Spot ni za mtindo huo. Teeling Small Batch si ya mtindo huo, ila ina asilimia 46, nguvu inayoisaidia isizame. Black Bush ina kimea kingi na ladha ya mapipa yaliyowahi kuhifadhi sheri, divai ya Hispania iliyoongezwa pombe. Jameson ya kawaida na Tullamore D.E.W. ni nyepesi zaidi. Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam, chupa ya Ireland atakayoikuta mwanzo dukani kwa kawaida ni Jameson, na si tatizo. Mengi ya mashauri yaliyo hapa chini yamepimwa kwa kuifikiria hiyo.

## Vigezo

Nitavipima vinywaji vyote kwa mambo matano: unachonunua na kinavyokaa, wiski inasikika kiasi gani, kilevi kilichomo kwenye glasi, kinasamehe kiasi gani ukikosea kipimo au ukikoroga kupita kiasi, na kinamfaa nani.

Kwenye kilevi nimetumia hesabu rahisi ya pombe halisi kwa mililita, kwa sababu asilimia peke yake hudanganya. Kwa kulinganisha, bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina ml 25 za pombe halisi.

## Kukoroga, kwa zote tatu

Kutikisa huingiza viputo vya hewa na vipande vidogo vya barafu. Kunafaa penye juisi, maziwa au ute wa yai. Vinywaji vyetu hapa havina hata kimoja kati ya hivyo, na tunataka vitoke angavu, vizito kidogo ulimini, baridi kweli. Kukoroga hufanya kazi mbili kwa pamoja: kupoza na kutia maji. Maji yale ni sehemu ya kinywaji. Mchanganyiko wa ml 90 unahitaji takriban ml 20 hadi 25 za maji kutoka kwenye barafu ndipo ladha zifunguke. Bila hayo utapata kitu kinachochoma koo na kuficha kila harufu uliyolipia.

Huhitaji vifaa vya baa. Mtungi wa jemu, jagi dogo la kioo au kikombe cha kupimia vinatosha, pamoja na kijiko kirefu na chujio la chai. Kijiko cha chakula ni ml 15, cha chai ni ml 5, kwa hiyo ml 60 ni vijiko vinne vya chakula. Tumia vijiko vya kupimia, si vya mezani, maana vya mezani kila seti ina ukubwa wake.

Barafu ndiyo inayoharibu kazi za wengi. Vidonge vidogo vilivyokwisha kulowa kwenye jiko lenye joto la Dar au Mombasa vina maji juu yake tayari, na maji hayo yataingia kwenye glasi kabla baridi haijaingia. Toa barafu kwenye friza dakika ya mwisho, iwe ya vipande vikubwa, na ukiona imelowa, imwage maji kwanza. Jambo jingine ni harufu: barafu iliyolala wiki mbili karibu na samaki itanukia samaki, na wiski laini haitaificha. Igandishe kwenye chombo chenye kifuniko.

Jaza mtungi barafu hadi juu ya kimiminika, zungusha kijiko kikisugua ukuta wa ndani wa mtungi taratibu, bila kugonga. Sekunde 30 ni mwanzo mzuri. Onja kwa sekunde ya 15, onja tena ya 30. Utashangaa tofauti ilivyo kubwa: onjo la kwanza linauma, la pili linateleza. Ukizoea tofauti hiyo ulimini, saa haina kazi tena.

## Old Fashioned

Wiski ml 60, shira kijiko kimoja cha chai, mitikiso 2 ya chupa ya bita ya Angostura, ganda la chungwa. Shira ni ile ile ya kalimati, sukari vikombe viwili kwa maji kikombe kimoja, ila usitie iliki mara ya kwanza. Sukari ya kahawia inapendeza kuliko nyeupe. Sukari guru pia inafaa, ilimradi uichuje vizuri.

Unachonunua na kinavyokaa. Bita tu. Chupa ya Angostura, yenye asilimia 44.7 za kilevi na lebo iliyozidi ukubwa wa chupa, itakaa jikoni miaka bila kuharibika, maana unaitumia kwa matone. Shira hukaa kwenye friji wiki kadhaa. Chungwa unalo. Kwenye kigezo hiki hakuna mpinzani.

Wiski inasikika kiasi gani. Karibu yote. Hapa hakuna divai wala mitishamba ya kujifichia, kwa hiyo chupa nzuri itajionyesha na chupa dhaifu pia itajionyesha. Kwa kuwa wiski ya Ireland tayari ina utamu wake wa asali, kijiko kizima cha chai ndicho kikomo. Kwa Redbreast au Green Spot anza na nusu kijiko. Mapishi mengi ya Marekani huweka zaidi, na kwa rai yana haki; kwa wiski hii yatakupa peremende.

Kilevi. Ml 24 za pombe halisi, karibu sawa na bia ile ya nusu lita. Tofauti ni kwamba bia humaliza nusu saa na hii unaweza kuimaliza kwa dakika kumi usipojitazama.

Inasamehe kiasi gani. Sana. Kinywaji hiki hukaa juu ya kipande kikubwa cha barafu ndani ya glasi fupi, kwa hiyo huendelea kupoa na kulainika wakati unakunywa. Koroga sekunde 20 tu, kikiwa bado kikali kidogo, barafu itamalizia. Ukizidisha sukari, ongeza tone la bita na kijiko cha wiski. Karibu kila kosa lina tiba.

Ganda la chungwa si pambo. Kata kipande cha upana wa vidole viwili, ondoa nyama nyeupe ya ndani kadiri uwezavyo kwa sababu ni chungu, kisha likamue juu ya glasi upande wa nje ukiangalia kinywaji. Mafuta yatatua juu kama ukungu mwembamba. Chungwa la Muheza lenye ganda la kijani linafanya kazi hii vizuri tu; rangi ya ganda haina uhusiano na mafuta yake. Machungwa ya kuagizwa yaliyopakwa nta yaoshe kwa maji ya moto.

Inamfaa nani. Anayependa wiski yenyewe. Anayeanza. Anayekunywa mara chache na hataki chupa zinazomdai. Haimfai sana mtu ambaye wiski kavu humshinda, kwa sababu hii ni wiski kavu iliyovishwa koti jepesi.

Kama kuna atakayekwambia Old Fashioned ya wiski ya Ireland si halisi, mkumbushe kwamba gazeti la Hudson, New York, lilipoeleza kokteli mwaka 1806 lilitaja pombe kali ya aina yoyote, sukari, maji na bita. Halikuchagua nchi.

## Emerald

Wiski ml 60, vamuthi nyekundu ml 30, mtikiso 1 wa bita ya machungwa. Ikoroge, ichuje kwenye glasi yenye mguu iliyotoka kwenye friza, pamba kwa ganda la chungwa au cheri.

Unachonunua na kinavyokaa. Hapa ndipo penye mambo. Vamuthi ni divai iliyoongezwa pombe na kulowekwa mitishamba, mizizi na maganda. Aina nyekundu tamu ina historia ndefu mjini Turin, ambako Antonio Benedetto Carpano anatajwa kuanza kuiuza mwaka 1786. Kilevi chake ni kati ya asilimia 15 na 17 hivi, kiasi ambacho hakitoshi kuilinda ikishafunguliwa. Kwenye rafu yenye joto, ndani ya wiki chache itaanza kupoteza ladha, kisha kama siki iliyochoka. Kwenye friji, ikiwa imefungwa vizuri, ihesabie mwezi mmoja wa ubora na wa pili wa kuvumiliana.

Sasa piga hesabu. Chupa ya ml 750 hutoa Emerald 25. Anayekunywa mbili kwa wiki atatumia ml 260 hivi kwa mwezi, na zaidi ya nusu ya chupa itakuwa imepita ubora wake. Ndiyo maana nasema chupa ya bei nafuu ndiyo inayokula pesa. Tafuta nusu chupa, ya ml 375, ukiweza. Baadhi ya vamuthi, kama Dolin na Carpano Antica Formula, huuzwa pia kwa ukubwa huo kwenye masoko kadhaa. Vinginevyo uwe na mpango wa masalio: vamuthi na soda na kipande cha chungwa ni kinywaji kizuri cha mchana wa joto, na mchuzi wa nyama haukatai kikombe chake.

Bita ya machungwa ni ngumu kidogo kupatikana kuliko Angostura. Ukiikosa, tia tone la Angostura na ukamue ganda kubwa la chungwa. Haifanani kabisa, lakini hakuna atakayelalamika.

Wiski inasikika kiasi gani. Nusu kwa nusu, na inategemea vamuthi uliyochagua kuliko wiski uliyochagua. Carpano Antica ni nzito, ina vanila nyingi. Mbele ya Jameson inatawala chumba. Dolin nyekundu ni nyepesi na huiacha wiski iseme. Martini Rosso iko katikati, na ndiyo inayopatikana madukani kirahisi. Kwa wiski nyepesi punguza vamuthi hadi ml 20. Kwa Redbreast, Green Spot au Teeling, ml 30 hazina shida.

Kilevi. Ml 29 hivi. Inanyweka kwa urahisi kuliko Old Fashioned ingawa ina pombe zaidi, na hilo ni la kuangalia.

Inasamehe kiasi gani. Kwenye vipimo, vizuri: ml 5 huku au kule hazivunji kitu. Kwenye kukoroga, si sana. Glasi haina barafu, kwa hiyo kazi yote ya baridi na maji lazima iishie kwenye mtungi. Ukitoa mapema, itakuwa moto na kali hadi mwisho. Na kama vamuthi imeharibika hakuna ufundi utakaoiokoa. Ionje peke yake kabla ya kupima, kila mara.

Inamfaa nani. Mpenzi wa divai nyekundu anayetaka kuingia kwenye wiski kwa mlango wa pembeni. Nyumba yenye wanywaji wawili au watatu, ambako chupa itaisha kwa wakati. Ni nzuri pia kabla ya chakula, maana ule uchungu wa mbali wa mitishamba huamsha njaa.

## Tipperary

Kaunti ya Tipperary iko Munster, kusini mwa Ireland, lakini kinywaji chenye jina lake tunakikuta kimechapishwa New York mwaka 1916 na Hugo Ensslin, aliyekuwa mhudumu mkuu wa baa katika hoteli ya Wallick. Yeye alitaja sehemu sawa tatu: wiski ya Bushmills, Chartreuse na vamuthi ya Kiitalia. Siku hizi wengi wameipunguza Chartreuse, na kipimo ninachokipendekeza ni wiski ml 45, vamuthi nyekundu ml 30, Chartreuse ya kijani ml 15, mitikiso 2 ya Angostura. Sehemu sawa ijaribu mara moja kwa ajili ya historia. Ni tamu mno kwa ulimi wa leo, tena wiski inapotea kabisa.

Unachonunua na kinavyokaa. Vamuthi, na matatizo yake yote ya hapo juu. Kisha Chartreuse, ambayo inahitaji maelezo. Hutengenezwa na watawa wa Kikartusi karibu na Grenoble kutokana na mimea 130, na hati wanayoifuata inasemekana waliipokea mwaka 1605. Ya kijani ina asilimia 55. Mwaka 2023 ilijulikana wazi kwamba watawa wameamua kutoongeza uzalishaji, kwa sababu ya maisha yao ya sala na ya mazingira, ingawa dunia nzima ilikuwa ikiitaka. Tangu hapo imekuwa adimu hata Ulaya na Marekani. Ukiwa Afrika Mashariki, tegemea kuomba mtu anayesafiri.

Bei yake itakushtua. Lakini hebu igawe. Chupa ya ml 700 kwa ml 15 hutoa glasi 46, na kwa kilevi cha asilimia 55 pamoja na sukari yake, haitaharibika wewe ukiwa unaisubiri mwaka ujao. Ukiitumia kwa kusafishia glasi tu, yaani unatia kijiko cha chai, unazungusha hadi kioo kilowe na kumwaga kilichozidi, chupa moja itafika glasi 140 na harufu bado itakuwepo. Kwa hiyo kwa glasi moja moja, Chartreuse inaweza kukugharimu kidogo kuliko vamuthi uliyoiacha ikafa kwenye rafu. Shida yake ni pesa za siku ya kwanza, na kuipata.

Mbadala? Chartreuse ya njano, asilimia 43, ni laini na ya asali. Hutoa kinywaji kingine kizuri, chenye makali machache. Génépy ya Dolin, likeri ya milima ya Alps, ina mwelekeo wa mitishamba ile ile ingawa ni nyembamba. Zote mbili zinakubalika. Likeri ya mnanaa haikubaliki, hata kama rangi inafanana.

Wiski inasikika kiasi gani. Kidogo kuliko zote, na usinunue wiski ya bei kwa ajili hii. Wiski hapa ni sakafu: unaihisi kwa uzito na nafaka, huku mitishamba ikicheza juu. Bushmills au Jameson ya kawaida inatosha. Black Bush huongeza zabibu na kuipa kina.

Kilevi. Ml 31 za pombe halisi, japo wiski ni kidogo kuliko kwenye nyingine. Ukifuata sehemu sawa za 1916, ml 30 kila kimoja, unafika ml 33. Watu hudhani kupunguza wiski kunapunguza makali. Chartreuse inarudisha yote na chenji. Moja inatosha.

Inasamehe kiasi gani. Haisamehi. Kijiko kimoja cha chai cha Chartreuse kilichozidi na huna tena wiski, una dawa ya kifua. Pima kwa kijiko kilichojaa sawasawa, si kwa macho. Ikoroge kidogo zaidi, sekunde 30 hadi 35, kwa sababu utamu na kilevi chake vinahitaji maji. Inywe ikiwa baridi kabisa, maana ikipata joto utamu unajitokeza.

Inamfaa nani. Anayependa ladha zinazobadilika kati ya onjo na onjo, na ambaye tayari amechoka na Manhattan. Mpenzi wa chai chungu, tangawizi na dawa za mitishamba kwa kawaida huielewa haraka. Ni ya baada ya chakula.

## Kwa ufupi wa vipimo

| | Old Fashioned | Emerald | Tipperary |
|---|---|---|---|
| Wiski | ml 60 | ml 60 | ml 45 |
| Vamuthi nyekundu | – | ml 20–30 | ml 30 |
| Kingine | shira ml 2.5–5 | – | Chartreuse ya kijani ml 15 |
| Bita | Angostura, mitikiso 2 | ya machungwa, mtikiso 1 | Angostura, mitikiso 2 |
| Kukoroga | sekunde 20 | sekunde 30 | sekunde 30–35 |
| Glasi | fupi, na barafu kubwa | yenye mguu, bila barafu | yenye mguu, bila barafu |
| Pombe halisi | ml 24 | ml 29 (vamuthi ml 30) | ml 31 |

## Kwa hali yako

Una wiski tu, na hujui kama kokteli ni jambo lako: tengeneza Old Fashioned. Gharama ya kujua ni chupa ndogo ya bita.

Una wiski ya zawadi, Redbreast au nyingine ya daraja hilo, na unaogopa kuiharibu: inywe kavu kwanza, kisha Old Fashioned yenye nusu kijiko cha shira. Ikibaki, Emerald ya Dolin itaiheshimu. Tipperary itaimeza.

Mko wawili au watatu nyumbani na mnapenda divai: nunueni nusu chupa ya vamuthi na mwanzie kwenye Emerald. Vamuthi ikifunguliwa, makao yake ni mlango wa friji, wala si kabati la vioo sebuleni, hata kama lebo inapendeza.

Uko Dublin, London au Toronto, na umeikuta Chartreuse ya kijani dukani kwa bei ya kawaida: ichukue, hata kama leo unataka Old Fashioned. Vamuthi utainunua siku utakapoamua. Kuzinunua zote mbili siku moja ni kuanza kuhesabu siku za vamuthi bure.

Una vamuthi iliyofunguliwa wiki tatu na inaelekea ukingoni: Tipperary ni njia nzuri ya kuimaliza, kwa sababu Chartreuse hufunika uchovu ambao Emerald ingeutangaza. Ikiwa imeshakuwa siki, ipeleke jikoni.

Unatumia dawa zinazogombana na pombe, una mimba, au usiku huu usukani ni wako: hakuna kati ya hizi tatu iliyo nyepesi ya kutosha.

Unategemea wageni sita na hutaki kukoroga mara sita: Emerald ndiyo inayokubali kutengenezwa mapema. Changanya wiski ml 360, vamuthi ml 180, mitikiso 6 ya bita ya machungwa, na maji safi ya kunywa ml 135, ambayo yanashika nafasi ya barafu. Yote yanaenea kwenye chupa ya ml 750. Itie friza saa mbili kabla hawajafika, usiilaze humo usiku kucha maana inaweza kuanza kuganda, na glasi ziwe humo pia. Wakifika, mimina tu na ukamue ganda.